Maji Kwanza, Samaki Baadaye: Somo juu ya Bwawa la Kwanza la Koperative



Kila koperative inayotaka kuanza ufugaji wa samaki inatuuliza swali moja: «Alevini tutawapata wapi, na kwa bei gani?» Alevini ni wale watoto wa samaki tunaonunua kwa kupandikiza. Swali ni zuri, lakini linakuja mbele ya wakati wake. Mbele ya kutafuta samaki, tujiulize kama tuko na maji yenye kuweza kuwalisha. Mwenye kupanda maharagi kwenye shamba ambalo halijalimwa atapoteza mbegu. Vilevile, mwenye kutia samaki ndani ya maji ambayo hayajakomaa atapoteza franka za wamemba wote, na mara nyingi atapoteza pia moyo wao wa kushirikiana.

Katika somo hili tutaongea juu ya bwawa dogo la tilapia, meta 20 kwa meta 10, ni kusema ari 2. Ni kipimo ambacho kikundi cha watu 15 au 20 kinaweza kuchimba kwa jembe na beleshi, bila mashine.

1. Juu ya nini mabwawa mengi yaliachwa

Ufugaji wa samaki si jambo jipya katika inchi yetu. Katika miaka ya 1950, huko Kipopo karibu na Lubumbashi, kulikuwa kituo cha kuchunguza ufugaji wa tilapia, na serikali ya wakati ule ilisukuma vijiji vingi kuchimba mabwawa. Kiisha uhuru wa 1960, mengi yaliachwa. Mpaka leo, katika mabonde fulani, unaweza kuona shimo la mstatili lililojaa majani, na mzee anakuambia: «Hapa kulikuwa samaki.»

Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja inarudi kila pahali: samaki walikuwa wengi sana na wadogo sana. Watu walitia samaki, samaki wakazaana, chakula hakikuongezeka. Kiisha mwaka mmoja wakavua samaki wa kidole. Hakuna mtu anaendelea kulisha kitu kisichomlisha. Kwa hiyo tusiseme wazee walikuwa wavivu. Bwawa halikuwapa faida, wakarudia muhogo wao. Kama hatutabadilisha namna ya kufanya, na sisi tutaacha mashimo.

2. Kuchagua pahali

Tunatafuta vitu vitatu: maji, udongo na mteremko mdogo.

Maji yapatikane mwaka mzima, hata katika kiangazi. Yafike kwa mfereji na yatoke kwa nguvu yake yenyewe, bila pompi. Tusiweke bwawa katikati ya mto, kwa sababu mvua kubwa itabeba ukuta na samaki pamoja. Tunalichimba pembeni ya mto, na tunaleta maji kwa mfereji ambao tunaweza kufunga.

Udongo uwe wa mfinyanzi. Kuna majaribio mawili ya bure. La kwanza: chukua udongo wenye unyevu, ufinyange kama mpira, urushe juu kidogo, kiasi cha nusu meta, na uudake. Ukivunjika, una mchanga mwingi. La pili: chimba shimo la kufika kiunoni, lijaze maji asubuhi. Magaribi maji yatakuwa yameshuka. Ni kawaida, udongo umekunywa. Lijaze tena, ulifunike na matawi yenye majani. Kesho yake asubuhi, kama maji mengi yamebaki, bwawa litashika maji. Kama shimo ni kavu, tafuta pahali pengine, hata kama pale ni karibu na nyumba ya mwenyekiti.

Kuna jambo la nne ambalo haliko la ufundi: majirani. Maji unayochukua juu, mwingine anayangojea chini kwa mpunga wake au kwa ng'ombe zake. Komite iende kuongea nao mbele ya kuchimba, pamoja na chefu wa kijiji, na mapatano yaandikwe. Bwawa likisha kujaa, linahitaji maji kidogo tu ya kurudisha yale yaliyokauka au kunywewa na udongo. Tukilieleza jambo hili mapema, ugomvi mwingi unaisha mbele ya kuanza.

3. Kuchimba

Toa majani na mizizi yote pale ukuta utakaposimama, kwa sababu mzizi ukioza unaacha njia ya maji. Jenga ukuta kwa matabaka ya sentimeta 20, na kila tabaka lipigwe vizuri. Upande wa ndani uwe na mteremko mpole: kwa kila meta 1 ya kupanda, ukuta uende nje meta 2. Ukuta uliosimama wima utaanguka katika mvua za kwanza.

Kina cha maji kiwe kiasi cha sentimeta 60 upande wa kuingilia na meta 1 upande wa kutokea. Juu ya maji ukuta ubakize sentimeta 30. Chini kabisa, upande wenye kina, weka tiyo ya kutolea maji yote. Bila ile tiyo hamutaweza kuvua samaki wote, na tutaona kwamba kuvua wote ni lazima. Weka pia tiyo ya kuzuia maji yasipite juu ya ukuta wakati wa mvua.

Kila tiyo iwe na kichujio. Wengine wanakata chandarua cha kulalia. Tunawaomba musifanye vile: chandarua ni cha kulinda watoto na malaria. Bati lililotobolewa kwa musumari, ao kikapu kilichosukwa kwa karibu, kinatosha.

4. Kulisha maji mbele ya samaki

Hapa ndipo wengi wanakosa subira. Ukuta umeisha, maji yameingia, watoto wanashangilia, na mtu anasema: «Tulete samaki kesho!» Tungoje.

Kule Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga samaki wa bahari ndani ya sanduku la kioo nyumbani, kwa uzuri tu. Hata samaki wadogo wa rangi kutoka Ziwa Tanganyika wanasafirishwa huko wakiwa wazima. Mtu mwenye sanduku mpya anaweka mchanga, mawe na maji ya chumvi, halafu anangoja wiki nyingi, mara nyingi 4 mpaka 6. Kiisha hapo anatia samaki mmoja ao wawili tu. Juu ya nini? Samaki anatoa uchafu ndani ya maji, na uchafu ule ni sumu kwake mwenyewe. Kuna bakteria, vijidudu ambavyo jicho halioni, vyenye kugeuza ile sumu kuwa kitu kisicho na hatari. Lakini vijidudu vile vinahitaji muda wa kuzaana. Maji yanaweza kuwa safi kama ya chemchemi, na samaki akafa ndani yake.

Bwawa letu ni kubwa kuliko sanduku, na lina jua na matope vinavyosaidia, lakini sheria ni ile ile. Tena sisi tunataka kitu cha zaidi: tunataka maji yenyewe yawe chakula. Maji ya kijani yamejaa mimea midogo sana na wadudu wadogo wanaokula ile mimea. Tilapia anaishi kwa chakula hicho. Tunafanya hivi:

Wiki ya 1: bwawa likiwa bado kavu, mwaga chokaa ya shamba kilo 20 kwa kila ari, hasa kama udongo ni mwekundu na wenye uchachu. Kwa bwawa letu ni kilo 40, chini na pembeni za ndani.

Wiki ya 2: jenga uzio wa miti katika pembe moja ao mbili za bwawa, ukichukua kiasi cha sehemu moja kwa kumi ya bwawa. Ndani yake weka mbolea na majani mabichi. Tusichanganye chokaa na mbolea siku moja, kwa sababu chokaa inapoteza nguvu ya mbolea. Kiisha hapo ingiza maji polepole, siku kwa siku, mpaka kipimo.

Wiki ya 3 na ya 4: funga maji ya kuingia na ungoje. Maji yakipita bila kusimama, yanabeba rangi ya kijani, na kazi yote inakwenda mtoni.

Kiisha hapo, kila wiki, ongeza mbolea ndani ya uzio: kwa ari moja, kilo 10 mpaka 15 za mavi ya ng'ombe, ao kilo 2 mpaka 3 za mavi ya kuku. Hizo ni hesabu za kuanzia. Mwenye kuamua ni mkono wako.

Jaribio la mkono: ingia majini polepole bila kutibua matope. Zamisha mkono wima, kiganja kikiangalia juu. Kama kiganja kinapotea machoni wakati maji yanafika kwenye kiwiko, maji yamekomaa. Kama kinapotea mbele ya kiwiko, maji ni mazito sana: acha mbolea, ongeza maji mapya. Kama maji yamepita kiwiko na bado unaona vidole, maji yana njaa: ongeza mbolea na ungoje. Angalia tu kwamba ni rangi ya kijani, haiko matope ya mvua, yenye kufanana na maji ya chai na maziwa.

5. Hesabu ya samaki

Kwa bwawa la mbolea na mabaki ya chakula, bila chakula cha kiwanda, tunashauri samaki 2 kwa kila meta mraba. Bwawa letu lina meta mraba 200, kwa hiyo alevini 400. Si zaidi.

Watu wanatuuliza: «Tukitia 1.600, hatutavuna mara nne?» Tufanye hesabu pamoja. Tuseme chakula cha bwawa kinaweza kutoa kilo 48 za samaki. Kama samaki 320 wamebaki wazima kati ya 400, kila mmoja atakuwa na gramu 150. Huyo anajaza kiganja, anauzika sokoni, na anatosha kuwekwa kando ya bukari. Zile kilo 48 ukizigawa kwa samaki 1.600, kila mmoja ana gramu 30. Kilo ni zile zile, lakini hakuna mama wa soko atakayezinunua kwa bei nzuri, na mumelipa alevini mara nne. Tena samaki wengi wanagombania hewa, na usiku mmoja mbaya unaweza kuwamaliza wote.

Chakula cha bwawa ni kama sufuria moja. Kuongeza wageni mezani hakuongezi bukari.

6. Siku ya kuleta alevini

Nunueni kwa mfugaji anayejulikana. Alevini wazuri ni wenye kipimo kimoja, wanaogelea kwa nguvu, hawana vidonda wala mapezi yaliyokatika. Tusichukue samaki wa kila namna kwenye ziwa ao mto, kwa sababu hatujui tumebeba samaki gani na ugonjwa gani. Mwambie mwuzaji asiwalishe siku moja mbele ya safari, ili maji ya sashe yasichafuke.

Safiri asubuhi mapema ao magaribi, na sashe ikae kwenye kivuli. Mukifika, musimwage. Weka sashe ikiwa imefungwa juu ya maji ya bwawa kwa dakika 15 mpaka 30, ili joto la ndani na la inje lilingane. Kiisha ifungue, ingiza maji ya bwawa kidogo kidogo. Inamisha mdomo wa sashe, na waache watoke wenyewe. Samaki aliyetupwa ghafula kutoka maji ya moto kwenda maji ya baridi anaweza kuonekana mzima leo, na kufa kesho kutwa.

Hesabuni wakati wa kuingiza, mbele ya watu wawili wa komite, na muandike.

7. Miezi ya kwanza

Chakula. Pumba za mahindi ao za mpunga, mchwa, machicha ya pombe, majani laini ya matembele: vyote vinasaidia. Lisha asubuhi na alasiri, saa ile ile, pahali pale pale. Kama samaki 400 wana gramu 20 kila mmoja, wote pamoja ni kilo 8. Asilimia 5 ya hapo ni gramu 400 kwa siku. Ndani ya robo saa chakula kiwe kimeisha. Kinachobaki kinaoza chini na kula hewa ya samaki.

Alfajiri. Muchana, ile mimea midogo ya kijani inatoa hewa ndani ya maji kwa nguvu ya jua. Usiku inageuka, na yenyewe inatumia hewa pamoja na samaki. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni mbele ya jua kutoka. Mlinzi apite saa kumi na moja asubuhi. Akikuta samaki wengi juu ya maji, midomo wazi, na hawakimbii kivuli chake, hawana hewa. Fungua maji mapya mara moja, toa chini maji ya zamani, na usimamishe chakula na mbolea mpaka waonekane vizuri tena.

Baridi. Tilapia anapenda maji ya joto, nyuzi 25 mpaka 30. Katika bonde la Ruzizi ao pembeni ya Ziwa Tanganyika, miezi 6 inaweza kutosha kwa mavuno. Huko milimani, ambako maji yanashuka chini ya nyuzi 20, anakula kidogo na kukua polepole. Muhesabu miezi 9 mpaka 12. Mfereji mrefu unaopita juani, na bwawa lisilofunikwa na miti, vinasaidia. Kama maji yenu ni ya baridi kabisa, afadhali kujua mapema kuliko kukata tamaa mwezi wa sita.

Watoto wengi. Hapa tunarudi kwa ile shida ya wazee. Tilapia anaanza kuzaa akiwa na miezi 3 ao 4, hata akiwa mdogo, na mama anatunza mayai ndani ya mdomo wake. Ndiyo maana wanaokoka wengi. Mukiona makundi ya vitoto pembeni mwa bwawa, wavueni kwa kichujio kila wiki. Munaweza kuwatumia kwa bwawa la pili ao kuwalisha kuku. Wengine wanaongeza kambale wachache wenye kula vitoto, lakini kambale aingie akiwa mdogo kuliko tilapia, ao atakula mtaji wenyewe. Na siku ya mavuno, mutoe maji yote. Bwawa ambalo halikauki linabaki na samaki wadogo waliozeeka, na mwaka wa pili unaanza na sufuria iliyojaa wageni.

Majani na uzio. Kateni majani pembeni mwa maji: yanaficha nyoka na kulea mbu. Zungusheni uzio. Meta 1 ya maji inatosha kuzamisha mtoto, na hakuna mavuno yanayolipa jambo lile.

8. Kaye ya bwawa

Samaki hawaonekani kama mahindi. Mtu akivua usiku, hakuna alama. Kwa hiyo bwawa la wamemba wengi linakufa mara nyingi kwa mashaka, hata kama samaki wanaishi. Dawa ni kaye moja, inayosomwa kila mkutano: tarehe, nani amelisha, kilo ngapi, mkono umeonyesha nini, samaki wangapi wamekufa, franka ngapi zimetoka. Andikeni pia, mbele ya mavuno, namna ya kugawa: sehemu ya kula nyumbani, sehemu ya kuuza, na sehemu ya kununua alevini wa mara ijayo. Wale wanaobeba mbolea kila wiki, ambao mara nyingi ni wamama, majina yao yawe ndani ya ile kaye. Wasiwe watu wa kuitwa siku ya kazi na kusahauliwa siku ya mavuno.

Tukumbuke

– Udongo ushike maji usiku mzima, na majirani wakubali.
– Chokaa, kiisha mbolea, kiisha kungoja wiki 2.
– Mkono upotee kwenye kiwiko ndipo samaki waingie.
– Samaki 2 kwa meta mraba, hata kama franka ziko za kununua zaidi.
– Alfajiri tuangalie midomo ya samaki.
– Mavuno ni kukausha bwawa lote.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Katika kijiji chetu, kuna bwawa la zamani lililoachwa? Wazee wanasema liliachwa juu ya nini?
2. Nani anatumia maji chini ya pahali tunapotaka kuchimba? Tumekwisha kuongea naye?
3. Tuko na mbolea ya kutosha kila wiki kwa miezi 6? Itatoka kwa nani, na atapata nini?
4. Maji yakichelewa kuwa ya kijani, nani katika komite atakuwa na nguvu ya kusema «tungoje», hata kama wamemba wanaharakisha?

Swali la nne ndilo zito kuliko yote. Mulijibu mbele ya kugusa jembe.